Nyuzi za Mifyonzo

Wifi yangu Naelijwa hakupiga hodi. Aliusukuma mlango wa kitalu kwa goti, mtoto begani, khanga ikiburuta matopeni, akasimama katikati ya miche yangu akitweta.

"Wifi, njoo nyumbani," alisema. "Kuna kitu kilikuwa kimemshika Mkunde mguu."

"Nyoka?"

"Ingekuwa nyoka ningekuja kukuita wewe? Ningemuua, nikaendelea kufua."

Alikuwa anasema kweli. Naelijwa alizaliwa kambini wakati wa vita, na mtu aliyekulia kambini hatishwi na vitu vidogo. Niliuacha mche niliokuwa nao mkononi bila kuufukia, nikamfuata kwenye ukungu.

Chumbani kwake kulikuwa na kitanda, sanduku la nguo, na sakafu ya saruji yenye ufa uliotokea ukutani hadi katikati. Katika ufa ule zilikuwa zimechomoza nyuzi nyeupe, nyembamba kama za kushonea. Zilikuwa zimepanda mguu wa kitanda, zikapita juu ya godoro, zikaishia kwenye kishimo alichokuwa amelalia mtoto. Naelijwa alikuwa amezikata kwa kumnyanyua tu, na ncha zake bado zilikuwa zinasogea polepole, zinapapasa shuka pale palipokuwa na joto.

Nilizijua. Mimi ndiye ninayezilea.

Nilimwomba anipe mtoto, nikatazama kisigino chake. Palikuwa na alama nyekundu ya mviringo, ndogo kuliko punje ya mtama. Mkunde alikuwa amelala fofofo. Mama yake alikuwa amekimbia naye mlima mzima, akasukuma mlango kwa goti, na mtoto hakuwa ameamka.

"Analala hivi tangu lini?" niliuliza.

"Siku kadhaa. Nikasema afadhali, ametulia. Halii hata kudai ziwa."

Nilitoa kipimo mfukoni. Kila mtoto wa Kwamringo anapimwa kwa kipimo hiki tangu anapozaliwa: unamchoma kidogo kidoleni, unasubiri, taa inawaka. Kijani maana yake damu ni safi. Njano, mwangalie. Nyekundu, ana Kutu ya kutosha kumharibu ini kabla hajaanza shule. Kijijini kwetu sijawahi kuona kijani. Mkunde alizaliwa na nyekundu, kama wenzake wote.

Taa iliwaka njano.

Nilipima tena kwenye kidole kingine. Njano. Mwili ulinisisimka kwa furaha, nikamgeukia Naelijwa kumwambia, na furaha ile ilidumu mpaka nilipomhamishia mtoto mkono wa pili. Hakuwa na uzito. Nilifunua nguo nikaona mbavu zake, na ngozi ya mapaja imelegea kama ya mzee.

"Wifi," Naelijwa alisema, "mbona unanyamaza?"

*

Kutu ndilo jina tulilolipa sisi. Wanajeshi walikuwa na jina lao lenye herufi na namba. Ndege ziliimwaga juu ya msitu wetu kwa sababu wapiganaji walikuwa wamejificha humo, ikashuka kama manyunyu, na majani yakageuka rangi ya bati lililochakaa kabla ya kupukutika. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka mama akikung'uta nywele zangu. Mlima ukabaki mtupu, migomba ikafa hadi mizizi, chemchemi zikakauka, na Kutu ikatulia ardhini ikisubiri. Kutoka ardhini iliingia kwenye mboga, kutoka kwenye mboga ikaingia kwa mama, na kwa maziwa ya mama ikafika kwa mtoto.

Halafu, vita vilipoisha, ukaja Mpango wa kusafisha udongo, na mifyonzo yake. Ni miti iliyotengenezwa maabara, na mizizi yake imeunganishwa na kuvu lenye nyuzi. Nyuzi ndizo zinazotembea. Zinatafuta Kutu udongoni, zinaifyonza, zinaipeleka kwenye mti, na mti unaifungia ndani kabisa ya moyo wake. Ndiyo maana ni marufuku kuukata au kuuchoma. Mti ukifa, moyo unaoza, na kila kilichofungwa humo kinarudi kwenye maji.

Na maji yalikuwa yamerudi. Chemchemi zetu sasa zinateremka hadi tambarare, kwenye vijiji na miji ambayo watu wake hata hawajui Kwamringo iko wapi.

Mimi ndiye mtunza msitu. Katika miaka yote ya kazi yangu, nyuzi hazikuwahi kuvuka mfereji unaotenganisha msitu na nyumba. Hazikuwa na sababu.

Tulipita nyumba kwa nyumba, mimi, Naelijwa na Mwenyekiti Senkondo, ambaye alikuwa ametuona tukikimbia akatufuata na fimbo yake bila kuuliza. Kwa wazee wawili wanaoishi peke yao hatukukuta kitu. Kwa vijana wasio na watoto, hakuna kitu. Kila nyumba yenye mtoto mchanga tulikuta nyuzi, chini ya mkeka, ndani ya kapu, kwenye khanga iliyotandikwa jikoni. Kwa Nambike, aliyemzika mwanawe mwanzoni mwa mvua, tulikuta nyuzi zilizokauka kwenye kitanda kitupu ambacho hakuwa na moyo wa kukitandua.

"Nesi alisema ni homa," Nambike alisema. "Lakini hakuwa na joto. Alikuwa anakauka tu."

Senkondo alivua kofia yake. Mimi niliokota uzi mmoja mkavu, nikaelewa. Kutu inakaa kwenye mafuta ya mwili, na uzi haujui kuchambua. Ukivuta Kutu, unavuta na mafuta.

*

Kufikia adhuhuri watoto wote walikuwa shuleni. Senkondo aliagiza wasiwekwe chini, kwa hiyo akina mama walifunga khanga kwenye mbao za paa, wakawaning'iniza humo, darasa zima limejaa vifurushi vinavyopumua. Hakuna aliyeongea kwa sauti. Baba mmoja alikuwa anamwaga mafuta ya taa pembezoni mwa ukuta. Nilimwambia haisaidii, akaendelea kumwaga.

Nilisimama mlangoni nikampigia Daktari Mwatumu wa Mpango kwa simu ya upepo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nilimweleza yote.

"Nakundwa," alisema, "uzi hauzaliwi unajua pa kwenda. Unafundishwa. Kitaluni mliuwekea udongo wenye Kutu, si ndiyo?"

"Kama ulivyoagiza. Udongo na sukari kidogo."

"Basi kuna mtu aliufundisha upya baada ya kupandwa. Uzi ukishaonja Kutu ikiwa pamoja na chakula kizuri kuliko sukari, utaacha vyote uende huko. Mmeweka nini kwenye mashimo yenu? Mbolea? Mizoga?"

"Hakuna kitu, Daktari. Nilisimamia mwenyewe kila shimo."

"Wifi." Naelijwa alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amekaa chini ukutani, mikono juu ya kichwa. "Kuna kitu."

Nikamgeukia.

"Zamani kondo la nyuma lilikuwa likizikwa chini ya mgomba," alisema. "La kwako, la mama yangu, la kila mtu, ili mtoto awe na mahali pake. Migomba ilikufa. Ulipoanza kupanda ile miti, akina mama wakasema, hii nayo ina uhai. Kila aliyejifungua alipewa mche wake. Tulikuwa tunafukua usiku baada ya wewe kupanda, tunaweka, tunarudishia udongo."

"Kila mche?"

"Mwanzoni si mingi. Halafu ikawa mingi."

"Na hamkuniambia."

Aliinamisha uso. "Mambo haya hayasemwi mbele ya ambaye hajazaa. Mkunga aliyetuonyesha alituapisha kwanza. Si kwamba tulikudharau, wifi. Ni mwiko tu."

Damu, mafuta, na Kutu ya mama, vyote vya moto, vimewekwa chini ya mzizi mchanga. Wasingeweza kuufundisha vizuri zaidi hata kama wangekuwa na maabara. Na mimi, mwenye miti, nilikuwa mwanamke mzima pekee mlimani ambaye hakupaswa kujua, kwa sababu Kutu ilinikuta mdogo, na watoto sikupata.

Daktari Mwatumu alikuwa amesikia. Alipumua kwa nguvu.

"Sikiliza. Ndege zisizo na rubani ziko tayari tambarare. Zinaweza kunyunyizia msitu wote kabla jua halijazama. Dawa ya kukausha. Nyuzi zitakufa siku hiyohiyo."

"Dawa gani?"

"Ya kukausha, nimeshakwambia."

"Daktari, ni dawa gani inayoweza kuua mfyonzo?"

"Unajua ni ipi," alisema. "Hakuna nyingine inayouweza. Ni ya kizazi kipya, kiasi ni kidogo."

Senkondo alikuwa amesikia naye. Alikuwa kijana wakati wa vita, na alilala kwenye mtaro siku ndege zilipopita. Nilimwona akishika nguzo ya mlango.

"Mtatumwagia tena?" alisema kuelekea ile simu. "Mama, mtatumwagia tena Kutu?"

"Mzee wangu, kuna watoto wanakufa hapo."

"Na miti ikifa?" niliuliza mimi. "Kilichofungwa ndani yake?"

"Kitarudi. Tutawahamisha ninyi. Walio bondeni tutawatangazia wasinywe maji."

"Wanywe nini?"

"Nakundwa, sina jibu la kila kitu. Sheria inataka neno la mtunza msitu. Nipe neno lako, ndiyo au hapana. Nitasubiri hewani, lakini si mpaka kesho."

Ndani ya darasa mwanamke alipiga kelele fupi. Chini ya ubao, pale saruji ilipokutana na ukuta, uzi wa kwanza ulikuwa umechomoza. Ulisimama wima, ukayumba kidogo kama unaonusa, halafu ukaanza kuelekea kwenye khanga iliyo karibu zaidi.

*

Sikuwa shujaa. Lakini nilikuwa nimeshapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa: mtu mzima ana mafuta mengi kuliko mtoto. Tulishamwaga maziwa kwenye bakuli pale darasani, nyuzi zikayagusa zikayaacha, kumbe zinataka kilicho hai. Nikasema basi zinywe kwangu. Nilinyeshewa Kutu utotoni. Hakuna mlimani mwenye nyingi kuliko mimi.

Nilimwambia Senkondo abaki shuleni na simu yake atazame sakafu. Naelijwa alinifuata ingawa nilimkataza, Mkunde kamfunga mgongoni. Tulivuka mfereji.

Msitu ulikuwa umenyamaza. Niliupenda msitu ule. Nilijua mti upi ulipigwa na radi na upi una mzinga wa nyuki. Siku ile niliona migongo tu, mingi, imenigeuzia. Nilichagua mfyonzo mkubwa, nikavua viatu, nikalala chali juu ya majani, mkasi wa kupogolea kifuani.

"Nikilala usingizi, kata," nilimwambia Naelijwa.

"Nitajuaje kama ni usingizi au umekufa?"

"Kata tu."

Zilikuja haraka. Nilizihisi kwanza kwenye vifundo, baridi, nyevunyevu, kisha mgongoni kupitia blauzi. Nilifumba macho. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kuliko siku ya ndege, maana siku ile sikujua. Zilipapasa shingo yangu, tumbo langu, zikakaa tumboni kwa muda. Halafu zikaondoka.

Nilifumbua macho. Nyuzi zilikuwa zinarudi ardhini, moja baada ya nyingine, bila kuniacha hata alama.

"Hazinitaki," nilisema.

Nilikuwa nimekuja tayari kufa, na bado niliumia. Niliona aibu mbele ya miti, mtu mzima, nikiwa nimelala kwenye majani. Zilijua zilichofundishwa: mama, na kilichotoka kwa mama. Mimi kwao nilikuwa udongo.

Naelijwa alikuwa tayari amemfungua Mkunde mgongoni. "Mshike," alisema.

"Hapana. Tunarudi. Nitampa Daktari neno lake."

"Ukimpa, nitaenda wapi? Kambini? Nimzalie nani tena kambini?" Hakuwa amepandisha sauti. "Na hao wa bondeni, nao wana watoto. Mshike mtoto, wifi, mkono unaniuma."

Nikampokea. Alilala palepale nilipoamka, kwenye majani yaliyobonyea kwa umbo langu, na nyuzi zikamfuata kabla hajakaa vizuri. Zilitoka pande zote. Zilimfunika miguu, zikampanda kiunoni, nyingi hadi nikawa sioni rangi ya khanga yake. Uso wake ulikuwa umekakamaa kwa woga. Kisha ukalegea, kama wa mtu aliyevua mzigo, akalala.

Simu ilikoroma. Ilikuwa sauti ya Senkondo, anasema haraka haraka.

"Binti, zinaondoka. Zinarudi chini zote. Hapa darasani hakuna hata mmoja uliobaki. Mmefanya nini huko?"

Nilimwambia.

Nilipiga magoti kando ya Naelijwa, Mkunde mkono mmoja, mkasi mkono wa pili, na hapo ndipo nilipoelewa tatizo langu. Alikuwa mzuri usingizini. Mashavu yalikuwa yanaingia ndani. Nyuzi zilikuwa zinageuka taratibu kutoka weupe hadi wekundu wa kutu, kutoka kwake kuelekea kwenye mti. Ilikuwa sumu yake ikitoka, ile aliyozaliwa nayo, na pamoja nayo ilikuwa inatoka nyama yake, na hakuna taa wala alama iliyoniambia imebaki kiasi gani. Nikikata mapema, zinarudi kwa watoto. Nikichelewa, nampelekea kaka yangu, anayefanya kazi tambarare, maiti ya mkewe.

Mkunde aliamka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alilia, kilio chembamba cha njaa, na mimi nikakata.

Naelijwa alichukua muda mrefu kufumbua macho. Nilimchapa makofi, nikamwita majina yote, nikamwita mama. Alipoamka alitaka maji. Nilimchoma kidole kwa kipimo, na taa ikawaka kijani. Nililia nikiiangalia.

Simu ikakoroma tena. "Zimerudi," Senkondo alisema. "Chini ya ubao, palepale."

*

Mara tu baada ya hapo Daktari Mwatumu akaita. Jua lilikuwa linaelekea kilimani.

"Nakundwa, nakusikiliza."

Nilimweleza nilichokiona. Akaniuliza nimewezaje kufanya jambo kama hilo, nikamwambia hata mimi sijui. Akaniuliza nani atalala kesho, na keshokutwa, na mwakani mpaka nyuzi zifundishwe upya, kama zinafundishika. Akaniuliza nina haki gani ya kulaza wanawake chini ya miti.

"Sina," nilisema. "Na wewe una haki gani ya kumwaga?"

"Hilo siyo jibu."

"Hapana, siyo. Neno langu ni hapana, Daktari. Ndege zisije."

Nilikata mawasiliano kabla hajanibadilisha nia, maana angeweza. Kisha nikamwomba Senkondo apige baragumu la msaragambo. Kwetu Upare baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu, kazi ni ya wote, iwe mfereji umebomoka au barabara imeporomoka. Huulizwi kama unataka. Lakini mtu huja na jembe, anajua atarudi nalo. Sikutegemea wengi.

Walikuja karibu wote; mabibi walibaki shuleni na watoto mikononi. Wanaume walitangulia, wakavuka mfereji, wakalala chini mmoja baada ya mwingine kabla sijawaeleza, Senkondo naye na goti lake bovu. Nyuzi ziliwapapasa, zikawaacha. Wakainuka wakijikung'uta majani, hawajui wapeleke wapi macho yao. Akina mama walikuwa wamesimama nyuma. Kila mmoja alikuwa anautazama mti mmoja, na sikuhitaji kuuliza kwa nini.

"Atakayekata ni nani?" mmoja aliuliza.

Naelijwa, aliyekuwa ameegemea shina akimnyonyesha Mkunde, alinyoosha kidole kwangu. "Yeye. Miti haimtaki. Anaweza kukaa katikati ya nyuzi mchana kutwa zisimguse."

"Mimi sitaweza," nilisema. "Nusura nikuue."

"Hukuniua."

Wakanitazama. Wanawake waliokuwa wakinyamaza nilipoingia jikoni kwao, miaka yote hiyo, sasa walikuwa wanangoja nisogee.

Aliyetoka wa kwanza alikuwa Nambike. Nilimwambia yeye hana mtoto shuleni, halazimiki. Akasema ana mti, na maziwa bado hayajakauka. Alinipa kitenge chake nikishike, akakaa chini ya mfyonzo mwembamba uliopandwa mwanzoni mwa mwaka, akapapasa udongo wake kidogo kwa kiganja.

"Utajuaje wakati wa kukata?" aliniuliza.

Nilitamani kumdanganya. Nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni, juu ya mapigo ya moyo na rangi ya nyuzi.

"Sijui," nilisema.

Nambike alivua kandambili zake, akaziweka sambamba mahali ambapo hazitakanyagwa, akalala.